Chupa Chini ya Kitanda cha Nyanchera

Alhamisi, 4 Julai 1974

Wamemtoa thieta, chumba cha operesheni. Anapumua! Nimeweka mkono mbele ya pua yake, nimesikia joto. Basi, inatosha kwa leo.

Hapana, haitoshi. Naandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wangu. Mimi niliishia darasa la tatu, na mwalimu wetu alitufundisha kuandika kwa Kiswahili, kwa hiyo hata woga wangu nikiuandika unatoka kwa Kiswahili.

Mtoto wangu Nyanchera ana miaka kumi na tatu. TB imekula mfupa wa mgongo wake. Kwanza nundu, halafu miguu ikaanza kulegea, akawa anaanguka akienda kuteka maji. Daktari alisema asipofanyiwa operesheni hatatembea tena. Nilidhani watampasua mgongo. Kumbe wamempitia ubavuni, katikati ya mbavu! Wamekwangua uozo, wakachukua kipande cha ubavu wake mwenyewe wakaziba pale palipooza. Kama mtu anayebomoa ukuta wa jikoni kutengeneza wa sebuleni.

Baba yake, Machogu, amesimama kwa mlango. Haingii. Anasema anaogopa kukohoa.

Ijumaa, 5 Julai

Amefungua macho. Ameniita, "Baba." Nesi akageuka kumtafuta mwanamume! Yeye ni Mkamba wa Machakos, hajui kwamba kwetu Wagusii mtoto akisema baba anamwita mama yake. Nilicheka. Nilikuwa nimesahau jinsi ya kucheka.

Kuna mpira umetoka ubavuni mwake, unashuka mpaka kwa chupa kubwa ya kioo chini ya kitanda. Mle chupani mna maji mekundu. Nesi anasema ni damu ya operesheni, itapungua, halafu mpira utatolewa. Usiguse, usiinue, usipige teke. Mimi hata kufagia hapo naogopa.

Miguu yake nimeifinya vidole. Anasikia!! Mguu wa kushoto alisikia hata kucha yangu.

Jumapili, 7 Julai

Amekula. Nimempa uji mzito na maziwa, vikombe viwili, na avokado nusu. Machogu alileta maziwa ya ng'ombe wetu kwa chupa ya soda kutoka nyumbani Nyacheki. Mtoto amekonda shingo kama ya ndege. Nikasema kunywa, mama, kunywa yote. Akanywa yote.

Maji ya chupani yamekuwa mepesi, rangi ya chai ya rangi. Nesi amefurahi. Kesho pengine mpira unatoka.

Jumatatu, 8 Julai

Maziwa! Chupani mna maziwa!

Nilidhani ni macho yangu. Nikainama. Meupe kabisa, kama umekamua ng'ombe ukaweka chini ya kitanda. Nilipiga kelele wodi yote ikaamka kutoka usingizi wa mchana. Nesi alikuja mbio, akaangalia, akanyamaza. Nesi akinyamaza ni vibaya. Ni afadhali apige kelele.

Nilimuuliza ni usaha? Akasema usaha unanuka, haya hayanuki. Ni nini basi? Akasema ngoja daktari.

Nangoja daktari.

Jumanne, 9 Julai

Daktari amekuja. Ni Mholanzi, Kiswahili chake alijifunza Tanganyika, kinanishinda mimi. Alichuchumaa chini kabisa akaangalia chupa kama mtu anayenunua kitu sokoni Daraja Mbili na hamwamini muuzaji. Halafu akaketi kitandani na kunieleza polepole.

Ati mafuta ya chakula hayaendi moja kwa moja kwenye damu. Yanapandishwa na mshipa mwembamba sana, mwembamba kuliko unyasi wa wimbi, unaopita kifuani kando ya uti wa mgongo. Maji yake ni meupe mtu akila mafuta. Walipokuwa wakikwangua mfupa mshipa huo ulichanika. Hauonekani kwa urahisi. Alisema, "Mama, mimi nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana, na jambo hili nimelisoma tu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuliona." Hakujificha. Nilimheshimu. Lakini kama yeye mwenyewe ni mara ya kwanza, sisi je!

Dawa yake ni nini? Mshipa upumzishwe ujifunge wenyewe. Asile mafuta hata kidogo. Asipewe maziwa, siagi, nyama, avokado, njugu wala mayai. Ale uji mtupu na sukari, ugali, ndizi ya kuchemsha, viazi, na mboga za majani. Usipojifunga, itabidi afungue kifua tena autafute na kuufunga kwa uzi. Na mtoto amekonda. Hayo yanayovuja ndiyo nguvu yake inayomwagika.

Na mimi nilimpa vikombe viwili. Na avokado.

Alhamisi, 11 Julai

Jirani yetu wa kitanda cha pili ni Loice, wa Kenyenya, mtoto wake amevunjika paja. Mdomo wa Loice haulali. Leo ameniambia mbele ya watu, "Mama Nyanchera, wewe umepata ng'ombe wa gredi! Asubuhi na jioni anakamuliwa, hata dume hahitaji." Wanawake wakacheka. Nyanchera akageuza uso ukutani.

Nilimwambia Loice mtoto ana masikio. Akasema, "Pole, dada, mimi nikiogopa naongea upuuzi." Halafu akaja kunisaidia kumgeuza. Ana mikono mizuri. Siwezi kumchukia.

Chupa inapungua weupe! Imekuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

Nesi analeta chai ya rangi yenye sukari nyingi. Kanisani kwetu Sabato chai hatunywi. Sisi tunaichuma, tunaiuza, hatuinywi. Nikamwangalia mtoto, nikaangalia kikombe. Nikasema Mungu anaona chupa. Kunywa.

Jumamosi, 13 Julai

Sabato. Nimeimba kidogo kidogo sikioni mwake.

Mchana amekuja mama mkwe wangu, Bitutu, kwa miguu kutoka barabara kuu, kichwani kikapu, ndani chungu kimefungwa majani ya ndizi. Nilitoka kumpokea mbio kwa sababu nilijua amebeba maziwa. Nilimweleza habari ya mshipa. Alinisikiliza akiangalia miguu yangu. Akasema, "Kitu kinavuja, nanyi mnakataa kujaza. Kibuyu kikivuja utakijaza na maneno?"

Nikamwambia mama, ni amri ya daktari, maziwa hapana, lakini mboga amekubali. Akasema, "Basi nimeleta mboga." Akafungua. Chinsaga, ile mgagani yetu chungu! Nyeusi, laini, imelala siku mbili kama inavyotakiwa. Nesi alipopita nilimwuliza, mboga ndiyo? Akasema mboga ndiyo, mpe, mpe nyingi.

Nyanchera alikula mpaka akalamba vidole. Mara ya kwanza tangu operesheni nimeona ulimi wake ukifanya kazi kwa furaha. Bibi yake akamwambia, "Kula, wewe mwenye mbavu za kuazima." Wakacheka wote wawili. Loice naye alipewa, akasema chinsaga ya Nyacheki ina heshima.

Asubuhi ya leo chupa ilikuwa nyepesi, ya manjano, unaona mpaka ng'ambo. Asante Yesu.

Jumatatu, 15 Julai

Meupe tena.

Ilianza jana. Sikuandika kwa sababu nilitaka iwe uongo. Daktari ameniuliza, mama, amekula nini? Nikamhesabia: uji mtupu, ndizi, viazi, ugali, mboga. Akamuuliza nesi. Nesi akasema ni kweli, mimi nimeona, ni mboga. Daktari akatikisa kichwa. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Mtoto anapumua juu juu. Nyanchera wangu, ambaye alikuwa akipanda kilima na kikapu cha chai mgongoni akiimba.

Jumatano, 17 Julai

Tangu jana chupa imeanza kutulia. Leo Bitutu amerudi na chungu. Nimefurahi, nasema kweli, kwa sababu chakula cha hapa mtoto anakitema. Uji mtupu anasema ni gundi. Lakini akiona kile kikapu anainua kichwa.

Bitutu anasema huu ni ugonjwa wa njaa sasa, si wa mgongo. Anamshika mkono anaupima kwa vidole vyake, kidole gumba kinakutana na cha kati. Ananionyesha.

Ijumaa, 19 Julai

Chupa nyeupe kuliko siku zote. Walibadilisha jana, imejaa.

Daktari amemwita Machogu. Nilienda naye. Amesema hawezi kungoja zaidi. Kila siku mtoto anapoteza nguvu, na akikonda zaidi hataweza kuvumilia kisu. Jumanne atafungua kifua tena, autafute mshipa. Machogu akauliza, "Atapona?" Daktari akasema atajaribu kwa uwezo wake wote. Akauliza tena, "Atapona?" Daktari akasema, "Sijui, mzee. Amechoka sana. Naogopa."

Daktari anaogopa!

Machogu ameweka sahihi. Nje aliniambia, "Mama Nyanchera, mimi sikusoma, yeye amesoma, ningesema nini?" Nikamwambia hukukosea. Tulisimama pale karibu na tangi la maji kama watu ambao hawajuani.

Jumapili, 21 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu, nisaidie niandike vizuri.

Bitutu alikuja tena jana baada ya kanisa. Mtoto alikula kidogo, nyingine ikabaki chunguni. Leo mchana nesi wa Machakos amepita, akasikia harufu, akasema, "Hii mboga yenu hii! Kwetu mboga ni chumvi na maji basi. Hebu nionje." Nikampa. Akafunga macho. "Tamu namna hii, mnapika na nini? Nifundishe, nikiolewa na Mkisii nisiaibike." Loice akasema nani atakuoa na urefu huo, itabidi apande ngazi. Tukacheka.

Nikaanza kumfundisha. Nikasema kwanza unachambua majani, unaondoa vijiti. Unachemsha, unamwaga yale maji machungu. Unachemsha tena. Halafu unaweka kwa chungu, unamwagia maziwa, unaacha ilale. Kesho unaongeza maziwa tena pamoja na yale mafuta ya juu, unapasha polepole mpaka

Hapo mdomo wangu ulisimama.

Nesi alikuwa ameshaitwa kitanda cha mwisho, mtoto mwingine anatapika. Sijui alisikia mpaka wapi. Loice alisikia. Aliacha kutafuna. Kijiko mkononi. Tuliangaliana.

Mimi nimepika chinsaga tangu nikiwa msichana mdogo. Nimeimwagia maziwa kwa mkono huu. Na kwa siku zote hizi sikuona maziwa! Kwetu hakuna mtu anayesema chinsaga ni maziwa. Chinsaga ni mboga. Hata ukiniuliza kwa kiapo ningesema mboga. Loice, ambaye haoni kitu akakinyamazia, alikula akasifu, naye hakuona. Bitutu je? Bitutu anaona nini?

Nimerudisha siku nyuma kichwani. Kila alipokuja na chungu, kesho yake meupe.

Loice ameninong'oneza, "Usiseme, dada. Watakufukuza wodini, na nesi atapoteza kazi, ndiye aliyeruhusu." Halafu baadaye kidogo akasema, "Sema."

Jumatatu, 22 Julai

Nimesema.

Nilimngoja daktari kwenye veranda kwa sababu sikutaka wodi isikie. Nikamwambia, daktari, ile mboga inapikwa na maziwa. Hakuelewa. Nikarudia. Akauliza maziwa kiasi gani? Nikasema, mpaka uchungu wa majani unyamaze. Maziwa na mafuta yake.

Alivua miwani. Mimi nikapiga magoti kabisa kwenye saruji, nikasema nifukuze mimi, nesi usimguse, mimi ndiye niliyeita mboga. Akaniinua. Akasema, "Simama, mama. Kumbe mshipa haujapata siku hata moja ya kupumzika kweli."

Operesheni ya kesho ameisimamisha. Lakini si kwa furaha. Amesema tunangoja mpaka Ijumaa tu. Chupa ikiwa nyepesi na inapungua, hatafungua. Ikiwa nyeupe tena, atafungua siku hiyo hiyo, na mtoto atakuwa dhaifu kuliko leo. "Tone moja la mafuta likipita mdomoni, tumepoteza yote mawili, muda na nguvu. Unanielewa?"

Namwelewa.

Nesi ameniangalia tu. Baadaye akaniletea blanketi yake mwenyewe nijifunike.

Machogu nimemtuma nyumbani amwambie mama yake asilete chakula. Alikuna kichwa. "Nitamwambiaje?" Nikamwambia wewe ni mwanawe. Akasema, "Ndiyo maana."

Jumatano, 24 Julai

Nyepesi! Ya manjano, na ni kidogo, imefunika sakafu ya chupa tu. Sithubutu kufurahi. Nilifurahi mara ya kwanza nikaona yaliyofuata.

Lakini mtoto analia njaa. Si kilio cha sauti, hana sauti. Machozi tu. Anaita chinsaga ya bibi. Anasema, "Baba, kidogo tu, kwa kidole." Nikampa sukari kwa kidole. Akaniuma! Akaniomba msamaha. Nimetoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, mpishi akajifanya hanioni.

Mguu wa kulia leo umecheza. Kidole gumba kimepanda, kikashuka. Kinataka kuishi, kile kidole.

Alhamisi, 25 Julai

Amekuja.

Nilimwona kutoka dirishani akipanda njia, kikapu kichwani, leso yake ya kanisani. Mchana, jua kali, hakuweka hata jani kichwani. Machogu hakumwambia. Ama alimwambia.

Nilimkuta kwenye ngazi. Nikamsalimia kwa mikono miwili. Nikachukua kikapu. Hakuachilia. Tukakishika wote wawili. Nikasema mama, nakuomba, leo asile. Kesho daktari anaangalia. Chinsaga ina maziwa, maziwa ndiyo yanayotoka chupani. Akasema, "Najua ina maziwa."

Alijua!

Akasema, "Mlifikiri nimezeeka sijui ninachopika? Nilisikia mboga imekubaliwa, nikasema Mungu amenipa mlango." Sikuwa na hasira. Nilitaka kuwa na hasira na haikuja. Nilisema mama, utamuua. Neno hilo limenitoka mbele ya mama mkwe wangu, ambaye tangu nilipoolewa sijamwangalia machoni. Sasa nimemwangalia.

Hakunipiga. Hakunilaani. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayenieleza njia ya kwenda mahali, "Mwanangu Nyamongo, hukumkuta. Tumbo. Walisema hospitalini asile kitu, kesho wanampasua. Akaniomba. Siku nzima aliniomba, na mimi nikawatii watu waliosoma. Akafa asubuhi kabla ya kupasuliwa. Nilimzika na njaa yake. Wewe hujui sauti hiyo inakaaje masikioni."

Najua, mama. Naisikia tangu jana. Lakini sikusema. Nilisema tu, sogea kivulini.

Amekaa kwenye nyasi mbele ya mlango, miguu ameinyoosha, chungu mapajani, mikono juu ya majani ya ndizi. Anasema haondoki mpaka mtoto ale. Nesi amekwenda kula. Daktari yuko thieta na mtu mwingine. Loice amejitolea kukimwaga chungu kwa nguvu, nikamkataza. Chakula cha Bitutu hakimwagwi chini mbele yake. Hapana.

Mimi nimekaa kwenye kizingiti, mgongo kwa mwimo mmoja, miguu kwa mwingine. Naandika ili mikono isifanye kitu kingine. Nyuma yangu Nyanchera ameamka. Harufu imemfikia. Anasema, "Bibi amekuja? Baba, bibi amekuja?" Sijamjibu. Chupa naiona kutoka hapa. Nyepesi. Bado nyepesi.

Upepo unaleta ile harufu. Hata mimi mate yananijaa.

Kengele ya wageni imelia. Watu wanapanda ngazi na vikapu vyao, wananiambia dada tupishe. Nimekunja magoti wapite mmoja mmoja. Bitutu ameinuka. Ameshika chungu kwa mikono miwili na amejipanga kwenye mstari, nyuma ya mwanamke mwenye ndizi, kama mgeni yeyote. Amebakiza watu watatu kunifikia; akifika yeye, miguu hii naikunjua tena mlangoni.